Serikali ya Askari na Serikali ya Raia: Habari za Jirani Zetu wa Burundi

Ninyi mlioko Kumsenga, na wenzenu wa Kibondo, Kasulu na vijiji vyote vya nyanda za juu za Kigoma, fungueni karatasi zenu, tusome pamoja polepole. Ukikuta neno gumu, weka kidole hapo, umwulize mwalimu wako. Naye mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne kabla hatujaanza: JESHI, RAIA, KATIBA, MPITO.

Leo tutazungumza juu ya nchi ambayo wengi wenu mnaijua kwa macho. Nchi hiyo ni Burundi. Mtu wa Kumsenga akisema Kiha, Mrundi humwelewa bila mkalimani. Hata neno mwami, ambalo watu wa mbali huambiwa kwamba maana yake ni mfalme, wazee wa Heru na Muhambwe hawahitaji kufundishwa. Mmeuziana vitu sokoni, mmeoana. Tena mmewaona Warundi wakivuka mpaka kwa makundi, mikeka kichwani na watoto mgongoni, si mara moja wala mara mbili.

Kwa nini walikimbia? Sababu ni nyingi. Lakini moja kubwa ni hii: kwa muda mrefu nchi yao ilitawaliwa na jeshi, na kazi ya kulitoa jeshi katika utawala ilikuwa ngumu sana. Walijaribu mwaka wa 1993, wakashindwa vibaya. Wakajaribu tena kuanzia mwaka wa 2000, wakafika mbali zaidi. Leo tutatazama tofauti ya safari hizo mbili.

Kwanza tuyaeleze maneno yetu. Jeshi ni watu waliofundishwa kutumia silaha ili wailinde nchi. Mshahara wao hutoka katika kodi yako wewe mkulima wa maharage na mihogo. Raia, katika somo hili, ni mtu asiye askari. Serikali ya raia ni ile ambayo watu wameichagua, na askari huitii. Serikali ya kijeshi ni ile ambayo askari wameitwaa wenyewe kwa silaha.

Fikirini ghala la kijiji. Ndani mna mahindi ya watu wote. Mmechagua karani wa kuandika hesabu, na mmemwajiri mlinzi mwenye rungu. Siku moja mlinzi anamfukuza karani, anatia ufunguo mfukoni, anasema, "Karani alikuwa mwizi. Tangu leo hesabu ni yangu." Huenda kweli karani alikuwa mwizi. Lakini sasa ni nani atakayemkagua mlinzi? Hapo ndipo ulipo ubaya wa serikali ya kijeshi, hata pale kiongozi wake anapokuwa mtu mwenye nia njema.

Sasa tuingie Burundi.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai, 1962. Ilikuwa na mwami, bunge na waziri mkuu. Lakini mtu ambaye wengi walimtumainia kuwaunganisha, Louis Rwagasore, mtoto wa mwami, alikwisha kuuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba, 1961, wiki chache tu baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Nchi ikaanza uhuru wake na jeraha.

Mwaka wa 1966 mambo yaligeuka mara mbili. Mwezi wa Julai, Mwami Mwambutsa wa Nne akiwa Ulaya, mtoto wake Charles Ndizeye alimwondoa, akatawazwa mwezi wa Septemba kwa jina la Ntare wa Tano. Waziri Mkuu wake alikuwa askari, Kapteni Michel Micombero, kijana wa miaka 26. Tarehe 28 Novemba, 1966, Mwami Ntare akiwa ugenini Kinshasa, Micombero alitangaza kwamba ufalme umekwisha. Burundi ikawa jamhuri na yeye akawa Rais. Ntare alikuwa hajatimiza miaka 19.

Micombero alitawala miaka 10. Mwaka wa 1972 kulitokea maasi ya Wahutu kusini mwa nchi, na watu wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Wahutu waliosoma, waalimu, makarani, askari, hata wanafunzi, walitafutwa kwa majina. Waliokufa walizidi laki moja. Wengi waliosalia walikimbilia kwetu, na baadaye wakapewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Tarehe 1 Novemba, 1976, afisa mwingine, Jean-Baptiste Bagaza, alimpindua Micombero. Tarehe 3 Septemba, 1987, Bagaza akiwa Kanada katika mkutano wa nchi zinazosema Kifaransa, Meja Pierre Buyoya alimpindua yeye. Angalieni jambo hili, maana linachekesha na kuhuzunisha pamoja: mwami wa kwanza alipinduliwa akiwa Ulaya, wa pili akiwa Kinshasa, na Bagaza akiwa Kanada. Katika nchi inayotawaliwa kwa bunduki, mkubwa husafiri kwa hofu.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Micombero, Bagaza na Buyoya, wote watatu walikuwa maofisa wa jeshi, wote Watutsi, na wote walizaliwa katika tarafa moja ya Rutovu, mkoa wa Bururi. Tangu 1966 hadi 1993, yaani miaka karibu 27, ikulu haikutoka katika mikono ya watu wa tarafa hiyo. Isitufanye tuwachukie Watutsi. Watutsi wengi walikuwa wakulima na wafugaji maskini kama ninyi, wala hawakuonja sukari ya utawala huo. Nasema haya ili mwone kwamba jeshi likichukua maofisa wake mahali pamoja, huacha kuwa jeshi la nchi, likawa la watu wachache.

(Mwalimu asimamishe somo hapa. Wanafunzi wasome kwa sauti majina matatu ya marais hao na miaka waliyoshika serikali.)

Naam, tuendelee. Sasa tunafika kwenye jaribio la kwanza.

Mwezi wa Agosti, 1988, kulitokea tena mauaji makubwa, safari hii Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi. Dunia ikaanza kuuliza maswali. Buyoya akaona kwamba nchi haiwezi kuendelea hivyo. Alimteua Mhutu, Adrien Sibomana, kuwa Waziri Mkuu. Mwaka wa 1992 nchi ilipata katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi. Katiba ni sheria kubwa ya nchi, ile inayosema nani atawale, kwa muda gani, na ataondokaje.

Tarehe 1 Juni, 1993, Warundi walipiga kura kumchagua Rais. Buyoya, askari aliyekuwa madarakani, alisimama mwenyewe. Aliyemshinda ni Melchior Ndadaye, mtu wa benki, Mhutu, ambaye aliwahi kuwa mkimbizi Rwanda. Ndadaye alipata kura karibu 65 katika kila 100. Mwezi huo huo chama chake cha FRODEBU kilipata viti 65 vya bunge kati ya 81. Buyoya alikubali kushindwa. Tumpe haki yake kwa hilo. Si maaskari wengi waliofanya hivyo.

Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai, 1993. Hakuwa mtu wa kulipiza kisasi. Alimchagua mwanamke, Sylvie Kinigi, Mtutsi wa chama cha UPRONA, kuwa Waziri Mkuu. Watu walicheza ngoma. Wakimbizi waliokuwa Tanzania walianza kufunga mizigo warudi kwao.

Lakini jeshi lilibaki vile vile. Maofisa ni wale wale, kambi ni zile zile, funguo za ghala la silaha ziko mifuko ile ile. Katika mfano wetu, kijiji kilikuwa kimechagua karani mpya kwa shangwe, na mlinzi amesimama mlangoni na rungu lake, ufunguo bado anao.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, 1993, askari waliizingira ikulu ya Bujumbura. Rais Ndadaye alichukuliwa hadi kambini, akauawa. Alikuwa ametawala siku zipatazo 100 tu. Katiba ilisema Rais akifa, Spika wa Bunge ashike nafasi yake kwa muda. Basi askari wale wakamwua Spika Pontien Karibwami, na naibu wake Gilles Bimazubute pia. Yaonekana waliijua katiba vizuri sana.

Wakubwa wa serikali waliosalia walijificha katika ubalozi wa Ufaransa. Nchi nyingi zilikataa kuwatambua waasi, na baada ya siku chache mapinduzi yenyewe yakaanguka. Lakini moto ulikwisha kuwashwa. Vijijini Watutsi waliuawa na majirani zao kwa hasira ya kifo cha Rais. Kisha askari wakaja kulipiza, wakawaua Wahutu. Watu wasio na hatia walikufa kwa maelfu mengi. Mwaka wa 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha kwa kuuawa kwa Ndadaye, yeye mwenyewe akiwa hayupo mahakamani. Alikana shtaka hilo, na akafa mwaka huo huo.

Hayo yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Wakimbizi walivuka mpaka, wakajaa Ngara, Kibondo na Kasulu. Majina ya kambi za miaka ile, Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Karago, Mtabila, Muyovosi, yakawa majina ya kila siku kwenu. Burundi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na inakadiriwa kwamba watu 300,000 hivi walikufa kabla havijatulia. Rais aliyefuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili, 1994, katika ndege iliyoangushwa Kigali pamoja na Rais Habyarimana wa Rwanda. Baada yake alikuja Sylvestre Ntibantunganya, na tarehe 25 Julai, 1996, jeshi lilimwondoa na kumrudisha Buyoya.

Huenda mwanafunzi mmoja hapo nyuma atauliza: "Je, kura si kitu, basi?" Ni swali zuri. Kura ni kitu kikubwa. Kura ya 1993 ilisema wazi nani anatakiwa na watu. Lakini kura haikusema kesho yake bunduki zitamtii nani, wala haikuondoa woga. Watutsi wengi waliogopa kwamba bila jeshi lao watachinjwa wote. Wahutu waliogopa jeshi lenyewe, maana waliyakumbuka ya 1972. Watu wenye woga namna hiyo hawawezi kuacha silaha kwa sababu tu karatasi zimehesabiwa.

Safari ya pili walianza na woga huo.

Nchi za jirani, Tanzania ikiwa mojawapo, zilikutana Arusha tarehe 31 Julai, 1996, zikaifungia biashara Burundi ili Buyoya akubali kuzungumza. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa msuluhishi. Mazungumzo ya Arusha yalianza mwezi wa Juni, 1998. Yalikwenda polepole, watu wakalalamika kwamba wajumbe wanakula tu posho. Tarehe 14 Oktoba, 1999, Mwalimu alifariki London, kazi haijaisha. Nelson Mandela wa Afrika Kusini akaipokea. Tarehe 28 Agosti, 2000, mapatano yalitiwa sahihi Arusha.

Yale mapatano ni kitabu kizima, na mengi yake yaweza kungoja siku nyingine. Nataka mshike jambo moja, lile la jeshi. Waliandika kwamba katika jeshi hakuna kabila litakalozidi nusu ya askari. Wakaandika na sababu yake: kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi ya serikali.

Sasa fikirini. Wahutu hukadiriwa kuwa zaidi ya watu 8 katika kila watu 10 wa Burundi. Kwa nini basi jeshi ligawanywe nusu kwa nusu? Kwa hesabu ya wingi wa watu, si haki. Lakini wale wa Arusha hawakuwa wakipima wingi wa watu. Walikuwa wakipima woga wao. Mtutsi alitaka kuona nusu ya askari ni watu ambao hawatakuja kumchinja. Mhutu alitaka kuona nusu ya askari ni watu ambao hawatamwua tena rais wake. Katika bunge, katiba ya 2005 iliweka hesabu tofauti: Wahutu 60 katika kila 100, Watutsi 40, na Watwa wapewe viti vyao vitatu. Wanawake wasipungue 30 katika kila 100. Bungeni wengi wapate wingi wao, jeshini pasiwe na mwenye nguvu za kumzidi mwenziwe. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na busara kubwa.

Hata sisi tunajua kazi ya kuunda jeshi upya. Mwezi wa Januari, 1964, askari wa Tanganyika waliasi. Walitaka mshahara zaidi, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere ilimbidi awaite askari wa Uingereza kuuzima uasi ule, jambo lililomwuma sana. Baadaye jeshi lile lilivunjwa lote, na tarehe 1 Septemba, 1964, likaanzishwa jipya, Jeshi la Wananchi. Burundi haikuweza kuvunja jeshi lake, maana ilikuwa vitani. Ilibidi ilitengeneze likiwa linatembea, kama fundi wa baiskeli anayeziba pancha huku mwenye baiskeli akikanyaga.

Tuje kwenye neno la nne ubaoni, MPITO. Mpito ni kipindi cha kuvuka kutoka hali moja hadi nyingine. Tarehe 1 Novemba, 2001, serikali ya mpito ilianza. Buyoya atawale miezi 18, makamu wake awe Domitien Ndayizeye wa FRODEBU, Mhutu asiye askari. Kisha wabadilishane: Ndayizeye awe Rais, na makamu awe Mtutsi. Wengi walisema Buyoya hatatoka. Tarehe 30 Aprili, 2003, alitoka. Askari aliyeingia mara mbili kwa bunduki aliondoka kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Palikuwa na upungufu mkubwa, lakini. Makundi mawili yaliyokuwa yakipigana msituni, CNDD-FDD na FNL, hayakutia sahihi Arusha. Vita viliendelea. Askari wa Afrika Kusini walikwenda mwaka wa 2001 kuwalinda viongozi, na mwaka wa 2003 Umoja wa Afrika ukapeleka kikosi chake, kikafuatwa na cha Umoja wa Mataifa mwaka wa 2004. Mwezi wa Oktoba, 2003, huko Pretoria, CNDD-FDD walikubaliana na serikali kwamba watapewa nafasi 40 katika kila 100 za maofisa wa jeshi. Mwezi uliofuata wakatia sahihi mapatano kamili Dar es Salaam. Wapiganaji wakatoka msituni, wakaingia katika kambi za kuhesabiwa. Wengine walivaa sare moja na wale waliokuwa wakiwindana nao. Wengine walipewa fedha za kuanzia maisha, wakarudi mashambani.

Ndipo wakapiga kura. Tarehe 28 Februari, 2005, watu waliikubali katiba mpya yenye hesabu zile. Mwezi wa Julai walichagua wabunge, na CNDD-FDD wakashinda. Tarehe 19 Agosti bunge lilimchagua Pierre Nkurunziza, na tarehe 26 Agosti, 2005, akaapishwa. Mwaka wa 1993 uchaguzi ulitangulia, na swali la bunduki likaachwa. Safari hii swali la bunduki lilijadiliwa miaka mitano kabla ya uchaguzi. FNL walichelewa, walikubali kusimamisha vita mwaka wa 2006, wakaweka silaha chini na kuwa chama cha siasa mwaka wa 2009.

(Mwalimu asimamishe somo. Wanafunzi waandike: 1993, kura kwanza. 2000 hadi 2005, jeshi kwanza, kisha kura.)

Je, serikali iliyoanza 2005 ilikuwa ya raia kweli? Ndiyo, kwa kuwa ilichaguliwa. Lakini wakubwa wake wengi walikuwa majemadari wa msituni waliovua magwanda na kuvaa suti. Nkurunziza mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo aliyegeuka mpiganaji. Mtu aliyezoea kutoa amri hajifunzi upesi kupingwa.

Mwaka wa 2015 Nkurunziza aligombea kipindi cha tatu. Wapinzani walisema mapatano ya Arusha yanaruhusu viwili tu. Yeye alisema cha kwanza hakihesabiwi, kwa sababu alichaguliwa na bunge. Watu waliandamana, wengine wakapigwa risasi. Tarehe 13 Mei, 2015, Rais akiwa Dar es Salaam kwa mkutano, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba Rais ameondolewa. Mnaona? Tena mkubwa yuko safarini. Lakini safari hii mapinduzi yalishindwa kwa siku mbili. Tena katika wale waliotaka kumpindua na wale waliomlinda, Wahutu na Watutsi walikuwamo pande zote mbili. Askari hawakugawanyika kwa kabila kama zamani. Jeshi lililotengenezwa Arusha lilitikisika sana, wala halikupasuka katikati.

Raia ndio waliolipa. Maelfu walijazana Kagunga, ufukoni mwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Nyarugusu ikafurika. Nduta ikafunguliwa tena mwezi wa Oktoba, 2015, na Mtendeli mwezi wa Januari, 2016. Nkurunziza hakugombea tena. Alifariki tarehe 8 Juni, 2020. Siku kumi baadaye aliapishwa Évariste Ndayishimiye, jenerali wa zamani, aliyeshinda uchaguzi wa mwezi wa Mei.

Sasa ni zamu yenu. Mwalimu awagawe wanafunzi makundi mawili. Kundi la kwanza lizungumze: kama mngekuwa Warundi mwaka wa 1993, mngefanya nini na jeshi kabla ya kupiga kura, na maofisa wangekubali kwa sababu gani? Kundi la pili lizungumze: je, jeshi la nusu kwa nusu liendelee hivyo siku zote, au ifike siku askari wachukuliwe bila kuulizwa kabila? Wale wenye jamaa ng'ambo ya mpaka, au waliowahi kuishi na wakimbizi, waseme waliyoyasikia. Kisha kila mtu aandike jibu lake kwa sentensi tatu, kwa mkono wake mwenyewe.